Miezi Sita ya Kusema Mgongo

Wanaume wenzangu wa Urambo, hasa ninyi mnaonisimamisha nje ya kanisa kila Jumapili na kuninong'oneza, "Eti Baba Maganga, ile kitu yako walikufanyaje?", leo nawajibu wote kwa mpigo. Nimechoka kunong'ona. Ile kitu ina jina, inaitwa tezi dume. Ilivimba ikabana njia ya mkojo, nusura iniue. Lakini sitaki kuisingizia tezi peke yake. Mdomo wangu nao ulisaidia sana.

Mimi ni mkulima wa tumbaku, miaka sitini na minane, mke wangu ametangulia mbele za haki. Ukoo wetu ni wa wapagazi. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani kwa miguu, na sisi watoto tulisimuliwa habari zake kwa sifa moja tu: hakuwahi kusema mzigo ni mzito. Ndivyo nilivyolelewa. Mwanamume halalamiki, na akizidiwa basi alalamikie kitu chenye heshima. Mgongo una heshima. Mgongo ni ugonjwa wa mtu aliyefanya kazi.

Ilianza wakati wa kuhamisha miche ya tumbaku kwenda shambani, mvua zimekolea. Naenda pembeni kujisaidia, nasimama, nasubiri. Vibarua wanamaliza tuta zima, mimi bado nimesimama nimeupa shamba kisogo, kinachotoka ni matone. Nikirudi kwenye jembe, hata jasho halijatoka, nataka tena. Nikajiambia ni baridi ya mvua. Mvua zikapungua, tukaanza kuvuna majani na kuyapanga kwenye bani yakauke kwa moto, na mimi pale kwenye joto lote lile bado nikasema ni baridi.

Mwanangu Maganga ni dereva wa malori ya masafa marefu, na nyumba yake iko Cheyo, Tabora mjini. Alipopita nyumbani akanikuta nimekonda, suruali naifunga kwa kamba. "Baba, hapa hapana. Twende mjini ukapimwe." Akanipeleka, akakaa siku mbili, akapigiwa simu ya safari. Akaondoka. Akaniacha mikononi mwa mkewe, Regina.

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe, kwa sisi tuliolelewa Kinyamwezi cha zamani, hawazoeani. Hatupeani mikono. Kiti nilichokalia mimi yeye hakikalii. Asubuhi anapiga magoti mlangoni, macho chini, "Shikamoo baba," nami naitikia "Marahaba mkwe wangu" huku nikiangalia ukuta. Kutaja mbele yake kitu chochote cha chini ya kitovu, hiyo haipo kabisa. Afadhali wakutangaze umeiba ng'ombe. Najua vijana wa siku hizi wanacheka, na Regina mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kisasa. Ila amelelewa na bibi yake kule Sikonge, na mambo haya anayajua kuliko mume wake.

Sasa huyo ndiye wa kunipeleka hospitali. Yeye ndiye mwenye kadi ya bima, yeye ndiye anajua dirisha la kuandikisha ni lipi na la dawa ni lipi. Kwenye benchi tulikaa tukiacha katikati nafasi ya watu wawili. Watu walipokuja kuijaza nafasi ile nilishukuru Mungu. Tulifika saa moja, tukaitwa saa tano na nusu, na katika muda huo nilitamani choo mara sita nikaenda mara moja, maana kila nikiinuka Regina naye alikuwa anainuka kidogo, kwa heshima, na benchi zima linatuangalia.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, meza moja, viti vitatu. Nesi akasema, "Msindikizaji naye aingie, mzee asije akasahau maelekezo." Regina akaketi nyuma yangu. Mlango ukafungwa.

Daktari alikuwa binti, mjukuu wangu kabisa kwa umri, anaongea upesi lakini ana adabu. "Shikamoo mzee. Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Mgongo."

"Unauma wapi?"

Nikaonyesha chini kabisa, kwenye kiuno, nikitumaini ataendelea kuteremka mwenyewe.

"Mkojo unapata vizuri?"

Nikasikia kiti cha nyuma kikilia. Masikio yakapata moto. "Mkojo hauna neno."

"Huamkiamki usiku kwenda kukojoa?"

"Nikilala nimelala."

"Panda kitandani nikupime tumbo."

"Leo hapana, binti yangu. Kupanda kitandani huko ndiko kunakouchokoza mgongo."

Alinitazama, akatazama mlango, foleni ikimngoja nje, akaandika. Nikatoka na vidonge vya maumivu na ushauri nisibebe vitu vizito. Nje Regina aliniuliza, akiiangalia miguu yake, "Baba, umemweleza daktari yote?" Nikamjibu kwa ukali, "Yote." Nilirudi pale mara mbili zaidi, chumba kile kile, kiti kile kile nyuma yangu kikilia, na mara zote mbili nikasema mgongo. Vidonge vikaongezwa nguvu.

Nyumba ya Cheyo ni nzuri, sina lawama. Ina marumaru na choo cha ndani. Hicho choo cha ndani ndicho kilichokuwa jela yangu. Mlango wake unatazamana na sebule, na sebuleni ndipo Regina anaposahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikiingia nafungulia bomba kwenye ndoo ili asisikie ninavyosubiri. Ndoo inajaa, inamwagika, mimi bado nimeshika ukuta nakamua matone. Nikitoka, yeye kainamisha kichwa kwenye daftari kama hajasikia maji yote yale. Shambani nilikuwa na miti na upepo. Pale nilikuwa na ukuta, bomba na mkwe.

Nikaanza kukwepa maji. Chai nikaacha, uji nikaacha, nikisingizia kiungulia. Kanisani nikaacha kwenda kwa sababu mahubiri ni marefu, na matone sasa yalikuwa yanatoka yenyewe, nainuka kitini nyuma nimelowa. Nikawa navaa koti la mvua na jua linawaka. Mchana kutwa nakaa nyuma ya nyumba kwenye kiti cha plastiki nimetazama ukuta wa jirani, nikijinusa. Ndiyo, kujinusa. Mzee mzima ninayesimama kwenye mikutano ya chama cha msingi cha wakulima watu wananyamaza, najinusa.

Halafu kitanda nacho kikaanza kulowa. Nikawa nageuza godoro, shuka nafua mwenyewe na kuianika mule mule chumbani. Siku moja natoka nje kuota jua, narudi, nakuta godoro limevikwa nailoni, shuka mpya juu yake, na pembeni ndoo yenye mfuniko, imefunikwa kitambaa safi. Regina yuko jikoni, anamenya viazi. Loh! Nilikasirika sijapata kuona. Nilitamani ningekuta amenitukana, ningejua la kumjibu. Alikuwa anajua. Alijua muda wote, na mila ile ile iliyoniziba mimi mdomo ilimziba na yeye.

Nikampigia simu Maganga. "Kesho narudi Urambo."

"Kwa nini baba? Regina kakukosea?"

"Hajanikosea."

"Mbona yeye kaniambia anakuhofia?"

"Kakuambia nini?"

"Hajasema. Nikimuuliza analia tu. Kasema nikuombe unywe maji."

Nikakata simu. Sikurudi Urambo, maana safari ya basi ile mimi nisingeiweza, na hilo nalo sikuweza kumwambia mtu. Nikabaki. Wenzangu kule walikuwa wameshafunga mitumba ya tumbaku na kuipeleka sokoni, mimi nimekaa nimetazama ukuta, nakufa na tai shingoni.

Mwezi wa sita, siku ya Jumamosi asubuhi, matone yenyewe yakakoma. Hakuna kitu. Kufikia saa nne tumbo la chini lilikuwa limejaa limekaza, jasho linanitoka, nimeng'ang'ania ukingo wa mlango. Regina aliniona. Hakuuliza. Aliita bajaji, akanishika mkono kuniingiza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkwe wangu kunigusa. Tukapita mtaa wa Gongoni, kila tuta la barabarani nikisaga meno.

Na mpaka leo sichoki kushangaa nikikumbuka kilichofuata. Tulifika, nikalazwa kwenye kitanda cha dharura, daktari wa zamu akawa ni yule yule binti. "Mzee, kumbe ni wewe. Leo vipi?"

Na mimi, na tumbo lile, nikasema, "Mgongo."

 Nikamsikia Regina akivuta pumzi. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali, si kwangu, kwa daktari, akasema, "Daktari, samahani. Mimi ni mkwe wake. Nikiwa humu hatasema. Naomba nitoke, na wewe naomba usikubali mgongo." Akainuka, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Tukabaki wawili. Daktari akavuta kiti akakaa. Kama ningekuwa na nguvu ningemfukuza. "Mzee," akasema, "mimi kwako ni mtoto, najua. Lakini siku nzima nasikia habari za mkojo, nimezoea kama wewe ulivyozoea tumbaku. Sema."

Nilifungua mdomo mara mbili neno halitoki. Mara ya tatu likatoka. "Mkojo umekataa."

"Tangu lini?"

"Leo umekataa kabisa. Kusumbua ni tangu kupanda miche."

Yeye ni mtoto wa Tabora, akahesabu misimu kwa vidole. Akafumba macho kidogo. "Miezi sita. Na mimi nakupa dawa za mgongo."

Basi likishatoka neno la kwanza mengine yakafuata yenyewe. Nikamwambia matone, ndoo, koti, godoro. Huku naongea wanaandaa mpira wa mkojo. Ulipoingia, jamani, sina maneno. Maumivu yake ni ya kukufanya umwite mama yako aliyekufa zamani, halafu ghafla mfuko unaanza kujaa, unajaa, wanabadilisha, unajaa tena, na mimi nalia machozi, nalia kwa raha. Nesi akanifuta uso na kona ya shuka. Huyo nesi sijui jina lake mpaka leo, namwombea.

Lakini raha ile ilikuwa ya saa moja. Majibu ya damu yakaja: figo zimeelemewa na mkojo uliokuwa ukirudi nyuma, na vile vidonge vya maumivu nilivyovimeza miezi yote vilikuwa vinazidi kuziumiza. Daktari alipoviona kwenye mkoba wa Regina akauliza, "Hivi bado unavitumia?" Nikajibu, "Uliniandikia wewe. Ila ulitibu ulichoambiwa."  Akavitia mfukoni mwake.

Kupasuliwa nisingeweza mpaka figo zitulie. Nikarudi Cheyo na mpira na mfuko wa mkojo, kiangazi chote. Kama nilidhani jela imekwisha, nilikuwa najidanganya. Sasa aibu yangu ilikuwa inaning'inia pembeni ya mguu ndani ya nailoni, kila mtu akitaka anaiona rangi. Nalala chali tu. Nikigeuka, mpira unavuta. Mara mbili uliziba nikarudishwa hospitali mbio, mara moja ukatoa damu. Miezi mitatu nilikuwa mtu wa kutoka kitandani kwenda kitini na kutoka kitini kwenda kitandani. Maganga alikuja, alikaa wiki moja, alinisafisha, akarudi barabarani kwa sababu kazi haingoji.

Mimi na Regina bado hatukuzungumza juu ya jambo lile. Tulitafuta njia ya pembeni. Alileta daftari la shule na kalamu, akaviweka mezani kwangu, akasema akiangalia dirisha, "Baba, wanafunzi wangu wakiona aibu kuuliza huwa naruhusu waandike." Akaondoka. Nikaandika. Nimekunywa vikombe vingapi. Mfuko umejaa mara ngapi. Rangi gani. Lini damu, lini homa. Nikaandika na maswali, kwa sababu mle chumbani kwa daktari akili yangu hukimbia. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba la zamani, mzuri tu.

Siku ya kuonana na daktari bingwa nilikuwa nimelazwa wodini nikingoja kupasuliwa, naye alikuja amezungukwa na wanafunzi wa udaktari, kama wanane, anaongea kizungu juu ya kichwa changu. Alikuwa anaelekea kitanda kinachofuata. Nikapiga moyo konde. "Daktari, samahani, mimi sijamaliza." Wote wakageuka. Nikafungua daftari nikasoma mambo yote ya mkojo mbele ya watoto wa watu. Nilipofika kwenye homa alininyooshea mkono: "Homa? Lini?" Nikamwambia tarehe. Akalichukua daftari, akasoma mwenyewe. Ilikuwa nipasuliwe wiki ile, akaahirisha mpaka nitibiwe maambukizi kwanza. Akawaambia wanafunzi kwa Kiswahili, "Homa hii haimo kwenye faili. Imo kwenye daftari la mzee." Nikajilaza nimechoka kama nimepalilia eka nzima.

Kwa hiyo ninyi mnaoninong'oneza, nawaambia kwa sauti. Ukiingia kwa daktari anza na lile linalokuaibisha, kabla hujasalimia vizuri, kwa sababu ukichelewa utaishia kwenye mgongo. Kama aliyekusindikiza ndiye anayekuzuia, mwombe daktari mtu huyo asubiri nje. Hawashangai. Dawa zote unazomeza zibebe, za dukani na za mizizi, ukaziweke mezani. Na usitoke kabla hujauliza: nikiona kitu gani nirudi haraka? Mimi nimekaa chumba kile mara nyingi, na sijaona daktari akimfukuza mtu kwa kuuliza swali hilo. Wanakasirika kidogo, basi.

Nilipasuliwa mwezi wa tisa, sindano ya ganzi mgongoni, nasikia vyuma vikigongana na mtu akipiga mluzi. Nyama waliyoitoa ikapelekwa kupimwa kama ina saratani. Kungoja majibu hayo kulikuwa kubaya kuliko mpira. Mpira ulikuwa umetolewa, njia imefunguka, naweza kutembea mpaka barabarani na kurudi, lakini nilikuwa nazunguka nyumba ile kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Nikakonda upya. Regina naye akakonda. Niliona bangili inamtoka mkononi akiosha vyombo, nikagundua kwamba miezi yote hii nilikuwa nahesabu kifungo changu tu.

Wingu la kwanza la mvua lilikuwa limetanda siku tulipoitwa. Benchi lile lile. Safari hii hatukuacha nafasi ya watu wawili, mtu mmoja tu. Nesi akaita jina langu. Regina akabaki ameketi, kama alivyozoea tangu ile Jumamosi.

Yule daktari binti alikuwa na karatasi mkononi. "Mzee, nikusomee majibu. Ungependa mtu awepo?"

Nikakaa nikafikiri. Maganga alikuwa mpakani na lori. "Niitie mkwe wangu," nikasema.

Regina akaingia, akasimama mlangoni, hajui akae wapi. Nikamwonyesha kiti cha pembeni yangu, si cha nyuma. Akakaa kwenye ukingo wake. Daktari akasoma: saratani hakuna. Figo zimepona kwa sehemu, hazitarudi kama zamani, na kliniki nitahudhuria maisha yangu yote. Nikasema, "Asante Mungu." Regina akajifunika uso na kanga. Daktari akauliza, "Kuna swali?" Daftari nilikuwa nimelisahau nyumbani. Nikatikisa kichwa.

"Lipo," akasema Regina. Alikuwa anaangalia sakafu, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini neno alilisema lote. "Ule mkojo unaomtoka baba akikohoa, utaisha?"

 Nilisubiri ardhi ipasuke. Daktari akanigeukia, anangoja jibu langu. Na mimi nikajisikia nasema, "Si kukohoa tu, mkwe. Hata nikicheka unatoka."

Regina alijikaza, akashindwa, kicheko kikamtoka ndani ya kanga. Nami nikacheka. Ukatoka kweli, pale pale kitini, mbele ya mkwe wangu, na sikufa.